Matanga ya Bwana wa Sista

Nyumba ninayoishi Umm Salal, nje kidogo ya Doha, ina runinga moja, ya sebuleni, na jioni wenzangu huweka mpira wa Kiarabu. Mimi huwa chumbani na kompyuta yangu, mlango nimefunga, sisikilizi. Lakini mtangazaji hamalizi dakika mbili bila kulitamka lile neno, fariq, na kila mara mkono wangu huikimbilia simu. Maana yake ni timu. Najua. Nina shahada, na barua pepe za ofisini nazijibu kwa Kiarabu cha kubahatisha. Mkono wangu haujasoma.

Nilikuwa na miaka minane tulipomfuata Mama Doha. Yeye alikuwa muuguzi, na Baba na mimi tuliingia nchini kwa makaratasi yake. Kakamega, Baba alikuwa mwalimu wa michezo. Hapa alipata kazi ya kuendesha basi la chuo. Barabarani walimwita sadiq, yaani rafiki, jina la kila dereva ambaye hakuna aliyejali kumuuliza lake. Wakenya wa jengo letu walimwita bwana wa Sista, Sista akiwa Mama muuguzi.

Kisha chuo kikampa timu ya mpira aisafirishe. Walikuwa wanafunzi wa kutoka kila mahali, Wasudani, Wapalestina, Wahindi, na golikipa Mfilipino aliyekuwa mfupi kuliko Mama. Mwanzoni mwa msimu walifungwa vibaya hadi Baba akawa anarudi nyumbani amekosa hamu ya kula. Basi akaanza kushuka garini. Kwanza aliokota mipira, halafu akawaonyesha mabeki pa kusimama. Kocha hakumkataza. Timu ikaacha kufungwa, ikaanza kushinda, na basi zima likawa linamwita Mwalimu, kwa Kiswahili, kwa sababu jina la sadiq Baba alikuwa amelipiga marufuku.

Ushindi wao niliujua kwa pua. Baba aliingia akinukia dawa ya kuchua misuli na soksi za watoto wa watu, akaongea peke yake jikoni, akipanga vijiko mezani kama wachezaji. Ijumaa zao zote za mechi mimi nilibaki na katuni za lugha nisiyoielewa, nikitazama winchi za ujenzi zikigeuka polepole dirishani. Sikuwa na rafiki bado. Nilikuwa na Baba, na timu ilikuwa naye.

"Tukimaliza fainali," aliniahidi, "Ijumaa zote ni zako."

Siku ya fainali Mama alikuwa zamu. Auntie Apio, Mganda wa mlango wa pili aliyekuwa askari wa duka kubwa, alipita kunichungulia mara kwa mara. Jua lilikuwa linashuka simu ilipolia. Alikuwa meneja wa timu, ambaye Baba alikuwa amemwomba anipe habari. Nilisikia ngoma, makelele, na mwanamume mzima akilia kwa kwikwi: "Ya binti! Baba... al-fariq... khalas! Khalas!" Simu ikakatika.

Khalas nililijua, mtoto hakai Doha wiki moja bila kulijua. Imekwisha. Na fariki nilikuwa nimekuja nalo kutoka Kakamega.

"Auntie," nilisema mlangoni kwake, "Baba amefariki."

"Eh! Nani amesema?"

"Mtu wa timu. Alikuwa analia."

Hakuuliza zaidi. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini tuliamini haraka hivyo. Labda watu wetu huku walikuwa daima wanaingoja simu ya namna hiyo, kwa lugha ya wengine. Auntie alijifunga leso, akagonga milango, na muda si muda sebule yetu ilijaa viti vya kuazima, sufuria la chai, na wimbo wa kanisani ulioanzwa juu mno. Dereva mmoja mtu mzima akasimama kuomba.

"Baba, tunamweka mikononi mwako ndugu yetu... ndugu yetu..." Akafungua jicho moja. "Kwani anaitwa nani?"

"Bwana wa Sista," mtu akanong'ona.

"Jina lake, nasema!"

"Si ni yule wa basi?"

Nililijua mimi, lakini hakuna aliyenigeukia. Akaombewa hivyo hivyo: bwana wa Sista, mtu mpole, asiye na maneno na mtu.

Tuliposema amina, mlango ukafunguka. Baba aliingia na medali shingoni. Akatazama leso, sufuria, macho mekundu, akavua kofia yake.

"Poleni sana," alisema taratibu. "Nani ametuacha?"

Auntie Apio alipiga ukemi, chai ikamwagika. "Wewe marehemu! Njoo unywe chai ya matanga yako!" Watu walicheka hadi wakashikana mabega. Mama, aliyefika mbio na sare ya hospitali, alimpiga Baba kifuani kwa ngumi zote mbili, kisha akamng'ang'ania. Baba alicheka pia. Lakini chai aliinywa amesimama.

Ijumaa zangu zilikuwa chache. Vijana wake walihitimu wakatawanyika, na kabla ya joto kurudi Baba alirudi Kakamega kufundisha, mimi na Mama tukabaki. Nilidhani ameondoka kwa kuikosa timu, na kwa miaka mingi niliichukia.

Nilikuwa chuo kikuu aliponiambia kwamba jioni ile alisimama nje kwanza, mkono kwenye kitasa, akaisikia dua nzima. Kwa hiyo alipouliza nani ametuacha, alijua. Alikuwa anawapa nafasi ya pili ya kulitaja jina lake. Sijui kama mtu huhama nchi kwa sababu ya dua moja; mimi huzishuku sababu zinazokaa sawa mno. Lakini katika nyumba hii mimi ni yule dada wa kompyuta, na sijawahi kumsikia mtu akilitafuta jina langu.

Jana nilimpigia Baba. Nyuma yake palikuwa na vumbi la uwanja, nililisikia kabisa, na watoto wakipiga kelele: "Mwalimu! Mwalimu!"

"Ngoja kidogo, mama," alisema. "Wananiita."

Nikangoja, simu sikioni, nikiwasikiliza.