Upande wa Baraza

Kanisa la roho la mtaani kwetu Bigo lilikuwa ghala la kahawa enzi za Wabelgiji. Mimi ni fundi mwashi, na jengo lile nililipenda kuliko ibada yake: matofali ya kuchoma, madirisha madogo juu karibu na dari, na ukuta mnene kiasi kwamba pale mlangoni mkono wangu, kuanzia kiwiko, haukutosha kuupima. Leo hakuna anayejenga hivyo. Tunaiba saruji, kisha ukuta ukianguka tunasingizia mvua.

Humo ndani wafu walisema. Kiongozi wao, bibi mmoja mzee, alifumba macho, na sauti ya marehemu ikatoka kinywani mwake ikiwaita ndugu zake. Vita vilikuwa vimejaza mabenchi yote. Mimi niliwacheka, lakini kila Jumapili nilimsindikiza mama yangu, maana njiani kulikuwa na vizuizi vya wanamgambo. Mdogo wangu alikwenda kuchimba dhahabu Nizi, na tangu mapigano yafike huko hatukupata habari zake.

Mama hakuingia hata siku moja. Aliketi barazani, mgongo ukutani, pale ambapo hata ngoma ya ndani haikusikika. Jumapili ya tano uvumilivu ukanishinda.

"Mama, tunapita kati ya bunduki juu ya kuikala inje?"

"Weye unajua kujenga, haujue kuzaa. Nikiingia na nikimusikia mudogo wako, njo kusema alishakufa. Hapa simusikie. Basi iko muzima."

"Basi ubakie ku nyumba!"

"Na kama iko ananitafuta hapa?"

Mara risasi zikaanza kulia upande wa soko. Watu wengine waliokuwa barazani nasi wakakimbilia ndani. Mama akang'ang'ania nguzo. Nilipomvuta alinizaba kofi, mimi mtu mzima mwenye ndevu zangu. Nikambeba mzobemzobe hadi ndani, nikamlaza chini ya ukuta, nikamfunika kwa mwili wangu.

Risasi hazikupenya. Watu walikuwa wamelala kifudifudi. Bibi mzee peke yake alibaki ameketi, macho ameyafumba. Kinywa chake kikafunguka, ikatoka sauti ya kijana: "Mama, ni miye. Nilibakia Nizi."

Nikayaziba masikio ya mama yangu kwa viganja vyote viwili, nikakaza mpaka akalia kwa maumivu. Yangu hayakuwa na mtu wa kuyaziba.