Gambusi Nililolipigia Makumbi

Kijana wa Utende akitaka kitu chake mwenyewe hakuwa na njia nyingi. Nazi ni za baba. Samaki ni wa mwenye chombo, wewe unapewa kitoweo. Ng'ombe unawachunga wa watu, na ukipewa maziwa unasema asante. Ningeweza kuvuka kwenda Chole nikawabebee mizigo wenye maduka, lakini baba alijuana nao wote, na ujira wangu ungefika mkononi mwake kabla ya kufika mkononi mwangu. Nilikuwa nimeyapima haya yote, moja moja, nikiwa nimelala chali juani, kwa sababu mimi ni mtu wa kupima mambo mpaka kichwa kiume.

Nilikuwa nataka gambusi.

Lilikuwa la fundi mmoja mshona kanzu, mtu wa Unguja, aliyepanga chumba Chole nyuma ya maduka. Alikuwa nayo mawili. Jipya alilipiga mwenyewe, na la zamani lilitundikwa ukutani, tumbo lake limechongwa kwa mti mmoja na kuwambwa ngozi ya mbuzi iliyogeuka rangi ya chai. Kila nilipotumwa Chole, nikishamaliza nilichotumwa, nilisimama dirishani kwake nikimtazama vidole. Nikirudi nyumbani nilichukua ubao wa sanduku bovu, nikauchora mistari minne kwa mkaa badala ya nyuzi, nikawa naweka vidole pale alipoweka yeye. Ubao hausemi. Hiyo ndiyo sababu niliupenda: nikikosea, hakuna aliyesikia, hata mimi.

Siku moja fundi aliinua kichwa.

"We kijana, dirisha langu umelinunua?"

"Hapana, fundi. Shikamoo."

"Marahaba. Basi ingia ndani, unanizibia mwanga, nitakuja kumshonea mtu mkono shingoni."

Nikaingia. Akaniuliza kwa nini vidole vyangu vinatembea juu ya paja kila anapopiga. Sikujua kama vinatembea. Nilimweleza habari ya ubao, na moto wa aibu ulinipanda mpaka masikioni.

"Nani kakufundisha?"

"Dirisha."

Alicheka mpaka sindano ikamtoka mdomoni. Kisha akalishusha lile la zamani, akaninyooshea. Sikulipokea. Nilimwambia bado sijaweza.

"Utaweza lini bila kulishika?"

"Likiwa langu."

Najua ni jibu la kiburi, lakini halikutoka kwenye kiburi. Niliogopa kwamba sauti ya kwanza itakayotoka mikononi mwangu itakuwa mbaya, na yeye atakuwa ameisikia, na tangu hapo kila nitakapopiga atakuwa anaikumbuka ile. Nilitaka niwe na gambusi peke yangu, mahali pasipo na mtu, mpaka niwe mzuri, ndipo nitokee.

Fundi alilirudisha ukutani. Akasema hataki pesa, pesa zinamwishia. Anataka kamba za usumba, nyembamba, zilizosokotwa sawasawa, azichukue Unguja ambako zina bei. "Niletee mabunda matano ya kamba nzuri, ulichukue." Tukapeana mkono.

Sasa nieleze habari ya makumbi, kwa sababu hapo ndipo nilipojidanganya. Kwetu nazi ikishafuliwa, nazi ni ya mwenye shamba na kumbi, ganda lake la nje, ni la wanawake. Wanawake huyafukia makumbi katika tope la ghuba, kando ya mikoko, kila mmoja shimo lake, na kuyagandamiza kwa mawe. Huyaacha miezi mingi yakaoza. Wakiyafukua huyapiga kwa rungu mpaka ute utoke ubaki usumba, wakausokota kamba. Pesa zitokazo humo ni zao. Mume hazigusi wala haulizi zilipokwenda. Nimemwona mtu mkali kuliko wote kijijini akikaa kimya mkewe anaponunua kanga kwa pesa za makumbi, hali yeye mwenyewe hana ya kodi ya Mdachi. Nikasema moyoni: hii ndiyo pesa pekee katika Utende isiyokuwa na baba.

Nilikwenda kwa shangazi, dada yake baba, mjane, nyumba ya tatu kutoka kwetu. Nilimwomba anipe nafasi kando ya shimo lake.

"Mwanamume afukie makumbi?"

"Ndiyo, shangazi."

"Utanuka."

"Nitaoga."

"Haitoki hiyo, mwanangu. Mimi nimeolewa nayo, nikafiwa nayo." Akacheka, akanikubalia. Sikumficha kitu. Nilimwambia ni kwa ajili ya gambusi, na kwamba baba asijue. Akaweka kidole mdomoni mwake, ishara ya siri. Bado nakiona kidole kile.

Nilifukia wakati wa vuli. Nilikusanya makumbi usiku na mchana kwenye kifuo chetu na vya watu, panapofuliwa nazi, yale ambayo wanawake waliyaacha kwa kuwa madogo au yameliwa na panya. Niliyapanga shimoni mgongo juu, yote yakitazama upande mmoja, shangazi akanicheka kwamba natandika kitanda. Masika yalipokwisha tukafukua. Harufu yake siwezi kuisema. Ni kama yai bovu lililomezwa na kaa. Wenzangu walinipitia wakienda kutega, wakasimama mbali na kuziba pua.

"Bibi Makumbi! Harusi lini?"

"Mwacheni, ana mimba, anatamani tope!"

Mmoja alinijia karibu, akaniuliza kwa sauti ya heshima kama nitamsukia ukili mama yake. Niliendelea kufukua. Naogopa sana kuchekwa. Nikichekwa asubuhi, mpaka usiku bado nasikia. Lakini wale wanawake waliniweka katikati yao, na hapo nilipata kitu ambacho sikukitarajia. Wanapopiga makumbi huimba, na rungu ndilo ngoma yao. Mmoja anaanzisha, wengine wanaitikia, marungu yanashuka pamoja, na akichelewa mmoja wanamtania papo hapo. Nilichelewa mimi mara nyingi. Walinifundisha kusubiri, nisiliwahi rungu. Niliwapenda wanawake wale. Niliwaambia na wao habari ya gambusi, kila mmoja kwa wakati wake, na kila mmoja alisema, "Mungu akujaalie, baba," na kuinamisha kichwa juu ya kazi yake.

Kusokota ndiko kulikonikalia vibaya. Kamba ikinenepa mahali niliifumua yote. Shangazi alisema kamba ni ya kufungia chombo, si ya kuvalia shingoni, lakini sikuweza kuiacha. Nilisokota mpaka ngozi ya paja ikachubuka. Bunda la tano lilipotimia nilihisi hofu badala ya furaha, kwa sababu sasa hakukuwa na kisingizio cha kutolipiga. Tuliyaweka juu ya dari ya shangazi, mahali pakavu, nikasema nitavuka Ijumaa baada ya sala.

Siku hizo nyumbani kulikuwa na pilikapilika, dada yangu anaolewa. Mchele unachaguliwa, mikeka inaletwa. Sikuwa nasikiliza.

Ijumaa nilikwenda kwa shangazi. Alikuwa anapepeta. Nilipanda darini, nikakuta dari tupu, na vumbi limeacha alama za mviringo pale mabunda yalipokuwa. Nilidhani ameyahamisha kwa sababu ya panya.

"Shangazi, kamba zi wapi?"

Ungo haukusimama. "Kamuulize baba yako."

Baba alikuwa barazani na wazee wawili, wanapanga nani atachinja. Nilisalimu. Nilisema maneno niliyoyapanga njiani, na yalitoka yote kwa mpangilio mbaya.

"Baba, kamba zangu."

"Zako?"

"Za makumbi. Nimefukia kwa shangazi. Na pesa za makumbi haziulizwi."

Baba aliwageukia wale wazee kwanza, ndipo akanigeukia mimi. "Haziulizwi kwa mwanamke. Kwani wewe mwanamke?"

Wazee walicheka mpaka mmoja akakohoa. Miezi yote ile nilipima kila kitu, mvua, tope, unene wa kamba, na sikupima hilo.

Baba hakuwa amekasirika. Afadhali angekasirika. Alisema kwa upole, kama anayenifundisha kufunga kilemba: "Unakula kwangu, unalala kwangu, na makumbi yametoka kwenye nazi zangu. Dada yako ataolewa kimya kama anazikwa? Nimempelekea fundi wa Chole zile kamba, atakuja kupiga siku ya harusi."

"Shangazi alisema..."

"Shangazi yako ndiye aliyenikumbusha zilipo."

Nilivuka Chole siku ileile. Nilimsihi mwenye mtumbwi anipeleke bure. Fundi alikuwa anapima kitambaa. Mabunda yangu matano yalikuwa pembeni pa cherehani. Ningeyajua popote.

"Fundi, tulipeana mkono."

"Tulipeana." Aliweka mkasi chini. "Tulipeana mkono ulete wewe, mwanangu. Aliyeleta ni baba yako, akasema njoo upige harusini. Nimwambie nini? Kamba za mwanao sizitaki?"

"Ulijua ni zangu."

"Nilijua. Nani mwingine Mafia anasokota hivi?" Akatabasamu, kana kwamba hilo ni jambo la kunifurahisha. Na nitasema kweli: lilinifurahisha. Palepale, katikati ya uchungu, kitu ndani yangu kilisimama kikajinyoosha kwa kusifiwa. Nilikichukia kitu hicho.

Kwa shangazi nilirudi jua limeinama. Nilimuuliza alijua tangu lini.

"Tangu ulipokuja kuniomba. Nilimwambia baba yako usiku uleule. Akasema mwache, dada yake ana harusi mwakani." Alikuwa ameshamaliza mchele, hana tena cha kushika, mikono imelala mapajani. "Ningekwambia, ungesokota?"

"Na wale wengine? Wa shimoni?"

Aliuvuta ungo mtupu, akaukung'uta. Basi nikajua. Wote wale walioniita baba, walioniombea Mungu anijaalie, walikuwa wanajua wanasaidia kutengeneza harusi. Walipoinamisha vichwa nilidhani ni kwa ajili ya kazi.

Kwetu siku ya harusi hutajwa waliosaidia. Mzee mmoja mwenye sauti husimama uani akaita: fulani kaleta mchele, fulani kaleta mbuzi. Anayetajwa husimama akasema, "Ni kidogo, mpokee," na wanawake hupiga vigelegele. Ukikaa kimya umeitukana nyumba. Alasiri ile fundi alikuwa ameketi juu ya mkeka, kavaa kanzu safi, na kwa sababu lile jipya lilikuwa limekatika uzi, alikuja na lile la zamani. Nilikuwa karibu nalo kiasi cha kuweza kulinusa.

Mzee aliita mbuzi, akaita mchele, akaita kanga za bibi harusi. Kisha akasema, "Na muziki huu, enyi wageni, umeletwa na kaka wa bibi harusi kwa mikono yake mwenyewe! Kaingia topeni kwa ajili ya dada yake!"

Vigelegele vilipaa. Waliovipiga kwa nguvu zaidi walikuwa wale wanawake wa shimoni, na shangazi katikati yao, machozi yanamtoka. Wale wenzangu walionizibia pua walikuwa wananitazama kwa wivu. Baba aliniwekea mkono begani, mzito, wa fahari, mkono ambao sikuwahi kuwekewa kabla. Kupitia mlangoni nilimwona dada yangu katika nguo zake, na usoni mwake nikaona kwamba katika nyumba nzima yeye tu hakuambiwa kitu. Aliamini. Alikuwa ananitazama kama mtu asiyejua alipendwa kiasi hicho.

Ningeweza kusema. Maneno yalikuwa mdomoni: sikuyaleta mabunda, yameibwa. Lakini yangemwangukia yeye.

Nikasimama. Nikasema, "Ni kidogo, mpokee."

Fundi akaanza kupiga. Alipiga vizuri. Nilikuwa nimetamani apige vibaya.

Aliondoka na magambusi yake yote mawili na kamba zangu, akenda Unguja, na hakurudi. Mwaka uliofuata shangazi aliniambia shimo ni langu kweli safari hii, hata ameapa. Nilimjibu Inshallah, na sikwenda. Ninamwamkia kila siku, ananijibu marahaba, ananiletea mkate wa kumimina kila mwezi wa Ramadhani. Hajaniomba radhi, na nadhani haoni la kuombea radhi. Baba naye akitaka kunisifu mbele ya wageni husimulia habari ya kamba, na kila akisimulia mabunda yanaongezeka.

Juzi dada alikuja kututembelea na mwanawe, ambaye sasa anauliza kila kitu. Alimwambia, "Mjomba wako huyu ndiye aliyeleta gambusi harusini kwangu." Mtoto akaja akanishika goti.

"Mjomba, unalo?"

"Lile halikuwa langu."

"Unajua kulipiga?"

Dada alikuwa anasikiliza, anatabasamu, anangoja niseme kitu cha kuchekesha. Nilimwambia mtoto sijui. Sijawahi kulishika.