Moshi wa Mjomba

Kule Karurumo, mjomba wangu aliheshimiwa kwa sababu ya moshi. Pikipiki yake ya mipigo miwili ilichoma petroli iliyochanganywa na oili, ikitufukiza kama nyuki njiani kwenda kanisani. Aliponunua ya mipigo minne, ambayo oili yake hukaa kivyake chini ya injini na petroli huungua bila moshi, majirani walimpa pole: eti haina nguvu, hata haikohoi! Mzee mzima akaona haya, akamimina oili ndani ya tangi la petroli. Jumapili pikipiki ikafunika kijiji kizima kwa moshi, kisha ikazimika mlimani. Majirani waliomsaidia kuisukuma walikuwa wakikohoa na kumpongeza: “Sasa hiyo ndiyo pikipiki!”