Utepe wa Wino wa Mzee Ibra

Wakonyo hakuwa amepata likizo tangu mwaka wa tisini na tatu, na sasa ilikuwa tisini na saba. Si kwamba hakuomba. Kila Desemba aliandika barua yake ya adabu, na kila Desemba meneja Mbaluka aliisoma mpaka mwisho, akatikisa kichwa kwa huruma, kisha akamwambia, "Sasa Mama Wanja, ukienda, nani atabonyeza hiyo mashine?"

Hiyo mashine ilikuwa kompyuta ya maandishi ya kijani, katika ofisi ya kiwanda kidogo cha jemu mjini Thika. Ndani yake mlikuwa na programu ya stoo iliyoandikwa mwaka wa themanini na nane na kijana mmoja aliyeitwa Gachau. Gachau alipata viza akaenda zake Kanada, asiache hata ukurasa mmoja wa maelezo. Wakonyo ndiye aliyebaki akiijua programu hiyo, kwa kuizoea tu, kama mtu anavyozoea mume mkorofi: alijua ikinuna uibonyeze wapi, na ikikwama uiache kwanza uende ukanywe chai.

Mwaka huo macho yakaanza kumuuma. Akifika nyumbani kwake Gitothua jioni, alikuwa akiketi kitandani na kitambaa chenye maji usoni, asimtake mtu amsemeshe, hata binti yake Wanja. Daktari alimwambia aache kutazama kioo kwa wiki tatu nzima. Wakonyo alicheka. Wiki tatu! Yeye hata Jumamosi alikuwa akiitwa.

Basi mwezi wa tisa likazuka jambo la barkodi. Duka kubwa la Ruiru lililokuwa likichukua nusu ya jemu yao lilituma barua: kuanzia mwezi wa kumi, katoni isiyokuwa na ile mistari ya kusomwa na mashine haitapokelewa. Mbaluka alikuja na barua hiyo mkononi, jasho likimtoka.

"Mama Wanja, hii kitu yetu inaweza toa barkodi?"

"Ilitengenezwa kabla hizo barkodi hazijafika huku," Wakonyo akajibu.

"Nisikize. Ukinitolea barkodi zikubalike Ruiru, siku hiyo hiyo nakusainia leave. Wiki tatu. Haki ya Mungu."

Ni hayo maneno yaliyomwingia. Si sifa, si cheo; ni wiki tatu za kufumba macho mchana bila kuitwa na mtu. Alikiweka kitabu cha maelezo ya printa ya ofisi kwenye mkoba akaenda nacho nyumbani, akakisoma kama watu wengine wasomavyo Biblia.

Kitabu kilieleza hivi. Printa huandika kila herufi inayoletewa, bila maswali, mpaka isikie namba ishirini na saba. Ikisikia hiyo, inajua kwamba kinachofuata si maneno ya kuandikwa bali ni amri: andika kwa wino mzito, andika herufi nyembamba, ruka mstari. Na amri mojawapo, ikianza na ishirini na saba, arubaini, sitini na sita, ilikuwa ya kuchora barkodi. Gachau naye, Mungu ambariki huko kwenye baridi yake, alikuwa ameacha ndani ya programu nafasi ya kujaza namba za kuamuru printa. Alikusudia zitumike kukoza jina la kampuni juu ya karatasi. Wakonyo alizichomeka namba zake humo.

Wiki ya kwanza printa ilitapika takataka, maua na nyota na alama za kuuliza, karatasi juu ya karatasi. Alikuwa amehesabu vibaya. Ile namba inayoiambia printa ni herufi ngapi zinafuata ilipungua moja. Alipoirekebisha, Jumatatu ya wiki ya pili, mistari ikatoka. Mistari mizuri, iliyosimama wima, minene kwa myembamba. Wakonyo aliikata ile lebo, akaibusu, kisha akaona haya ingawa alikuwa peke yake.

Ruiru ikakataa. Mbaluka alirudi na lebo akisema mashine yao haisomi. Wakonyo akaongeza urefu wa mistari, ikakataliwa. Akapanua nafasi, ikakataliwa. Akabadilisha namba moja baada ya nyingine mpaka akawa anaziota, na macho yakawa mekundu kama ya mpishi wa mandazi. Wiki ya tatu Mbaluka aliacha kumsalimia vizuri. Alimwambia kwamba Ijumaa ndiyo mwisho, maana jemu ilikuwa imejaa hadi kwenye korido.

Alhamisi, akitoka kazini, Wakonyo alishuka Ruiru akaenda dukani mwenyewe. Alimkuta Mbula, dada anayepokea mizigo kwa mlango wa nyuma, mtu mpole lakini aliyekwisha kuchoshwa na lebo za jemu.

"Mama, si mashine iliyo mbovu," Mbula alisema. "Ona." Akasogeza kisomeo chake kwenye sabuni, kikalia. Kwenye unga, kikalia. Kwenye lebo ya Wakonyo, kimya.

Wakonyo aliinama karibu. Kisomeo kilikuwa kikitoa mwanga mwekundu, mpana kama kiganja. Aliufunika kwa leso yake ili mwanga wa nje usiingie, akachungulia. Mistari haikuwapo. Akaondoa leso, mistari hiyo hapo, myeusi. Akafunika tena, karatasi nyeupe tupu.

"Ngai, Mungu wangu," alisema, akakaa juu ya gunia la mchele.

Ulikuwa wino. Mwekaji stoo wao, Mzee Ibra, hakuwa ametoa utepe mpya wa printa tangu ule wa kwanza uishe. Ukififia, aliufungua kwenye gamba lake, akaupaka wino wa mhuri, ule wa zambarau, aliouchanganya na tone la mafuta ya cherehani, akaukunja upya kwa subira ya ajabu. Kwa macho ya binadamu ulikuwa mweusi wa kutosha. Mwanga mwekundu uliupita kama haupo. Namba za Wakonyo zilikuwa sawasawa tangu ile Jumatatu aliyoibusu lebo. Wiki mbili za macho yake zilikwenda bure kwa sababu ya utundu wa mzee.

Ijumaa asubuhi alimfuata stoo. Mzee Ibra alimsikiliza amesimama, kofia yake imenyooka kichwani, na kila neno lilimshusha mabega kidogo.

"Hii kazi nafanya miaka sita, Mama Wanja. Mbaluka alinisifu mbele ya watu wote. Alinipea thamosi."

"Najua, Mzee. Si kwa ubaya. Nipe tu mpya."

Alifungua kabati, akatoa utepe ungali ndani ya nailoni. Hakuuachilia mara moja. "Usimwambie, tafadhali. Nimebakisha mwaka moja nistaafu. Atasema mimi ndio nilitaka kufunga kiwanda."

Wakonyo alikuwa amechoka mno kupima maneno. "Simwambii," alisema, akaunyakua.

Lebo ilichapwa, Mbaluka akaikimbiza Ruiru kwa pikapu, na kabla ya saa sita akarudi akipiga honi toka getini. Aliingia ofisini anacheka. Mzee Ibra alikuwa humo, ameleta orodha ya katoni.

"Imelia! Imelia mara ya kwanza! Mama Wanja, shida ilikuwa nini?"

Wakonyo hakumtazama mzee. "Namba. Kuna namba moja nilikuwa nimekosea."

"Wiki tatu, namba moja?"

"Ndiyo."

Mbaluka alikaa juu ya ukingo wa meza. Kicheko kilimtoka polepole, akaanza kufikiri, na Wakonyo alimjua vya kutosha kuogopa anapofikiri.

"Sasa wewe ndio unazijua," alisema, "na bado umekosea wiki tatu. Nikiweka mtu mwingine hapa, si Ruiru watatufungia mlango siku ya kwanza? Hapana, mama. Hiyo leave tutaangalia mwakani."

"Uliapa, Bwana Mbaluka."

"Niliapa sijajua iko ngumu hivi."

Ndipo Wakonyo alipomgeukia Mzee Ibra. Alimtazama tu, akamngoja. Ilihitajika sentensi moja: namba hazikuwa na shida, hata mtu mwingine angeweza kuzibonyeza. Mzee alifungua mdomo. Aliutazama uso wa meneja, akaitazama orodha mkononi mwake, akaupima mwaka wake mmoja.

"Acha nikahesabu katoni," alisema, akatoka.

Wakonyo alimchukia kwa muda wa zile hatua zake kumi za kwenda mlangoni. Kisha hata chuki ikamshinda nguvu. Angeweza kusema mwenyewe, palepale, na mzee angefukuzwa kabla ya kuumaliza mwaka wake. Alijaribu kuutafuta mdomo wa kuyasema hayo, hakuupata. Likizo yake alikuwa ameitoa kwa sauti yake mwenyewe, mbele ya mtu aliyeipokea akanyamaza.

"Mia tatu za kwanza kabla ya lunch," Mbaluka alisema. "Lori inangoja."

Wakonyo alivuta kiti. Alipangusa miwani kwa upindo wa sweta, akaivaa, akasogeza uso karibu na kile kioo cha kijani, akaandika tatu, sifuri, sifuri.