Siku Nilipozima Harusi ya Jirani kwa Telefone

Chekeni tu, chekeni mumalize, maana hata leo nikipita Kimanga sokoni kununua ndagala kuna mama mmoja ananiita "Zima-Harusi" mbele ya bantu, na minye nageuka, kwa sababu ni kweli, niliizima.

Minye ni mwalimu wa ordinateri, kompyuta zile, kwenye shule moja ya Rugenge. Wazazi walikuwa wamechoka kununua petroli ya grupe (jenereta yetu, inakohoa kuliko mzee), na komite yao ikasema Jumamosi watakuja kuona wenyewe: chumba kikiwapendeza kibaki, kisipowapendeza mashini ziuzwe na chumba kiwe depo ya simenti. Simenti! Nikaapa, si minye nikiwa hai.

Basi nikaandika skripti, amri zinazofuatana mstari kwa mstari, kwenye telefone, inayopita kwenye rezo (mtandao wa chumba) na kuamsha mashini zilizolala bila muntu kugusa kitufe. Niliiandika vizuri: amsha moja, subiri kidogo grupe ipumue, amsha nyingine, na ikikataa hata moja, rudia mpaka zote ziamke. Lakini asubuhi ile, nimeshavaa kikwembe kipya, nikawaza kwamba kusubiri-subiri mbele ya wazazi ni aibu, watadhani mashini zimechoka. Nikafuta mstari wa kusubiri. Mmoja tu, jamani!

Na kitu kingine (hapa ndipo mniue): jirani wa nyuma ya ukuta alikuwa anaozesha binti yake, akaniomba waya wa umeme wa grupe yetu kama tunavyoombana siku zote, nikamwambia leta petroli, vuta. Halafu nikasahau kabisa.

Prefe, mkubwa wetu wa shule, akasimama mlangoni na ufunguo, komite nyuma yake. Nikabonyeza telefone. Mlango ukafunguka, mashini zote zikawaka pamoja, mama prezida wa komite akasema "Eeeh!", na kabla hajafunga mdomo grupe ikakohoa, puu, giza, na nyuma ya ukuta muziki ukakatika bibi-harusi akiwa anaingia kwa kucheza, pole pole, mguu mmoja juu.

Kelele iliyotoka kule!

"Mwalimu, iko nini?" prefe akauliza.

"Kitu kidogo, prefe," nikasema huku nakimbia, nikavuta kamba ya grupe mwenyewe na kikwembe changu kipya mpaka ikawaka, muziki ukarudi, vigelegele vikapanda, na puu! Nikalaumu petroli. Nikavuta tena. Puu! Sasa shangazi wa bwana-harusi akatokeza kichwa juu ya ukuta, kilemba kimeenda upande.

"Weye! Iko nani anatuzimia harusi? Kama hutaki bantu baoane, sema!"

Nilitamani ardhi ipasuke. Lakini mkono uliporudi kwenye kamba nikasikia telefone mfukoni ina moto, nikaitoa, na hapo nikaelewa: skripti ilikuwa bado inafanya kazi. Rudia mpaka zote ziamke, na giza lilikuwa linazikuta kabla hazijaamka kabisa! Kila grupe ikiwaka na rezo ikirudi, inaziamsha zote kwa pamoja na kuiua grupe tena. Ukaidi wangu wote nilikuwa nimeufundisha ile telefone.

Machozi yalikuwa karibu, ila nikakumbuka simenti. Nikaisimamisha skripti, nikaurudisha ule mstari palepale, vidole vikijaza oili kwenye kioo, nikavuta kamba, na grupe ilipowaka nikarudi chumbani.

"Mama prezida," nikasema, "nilifuta kitu kwa sababu ya kiburi. Sitoki hapa mpaka uone mashini zinawaka. Nipe nafasi moja tu."

Akanitazama kuanzia oili mpaka viatu. "Fanya upesi. Harusi inangoja."

Wageni wa harusi walikuwa wameshajaa madirishani, bibi-harusi mwenyewe mbele, ameshika gauni juu ya vumbi. Mashini ya kwanza ikawaka. Ya pili. Kufika ya tatu muntu akapiga makofi, na kuanzia hapo kila ikiwaka moja wanashangilia, wanangoja nyingine huku wamezuia pumzi, mpaka ya mwisho, na grupe ikanguruma tu bila kukohoa, na muziki nyuma ya ukuta ukaendelea.

"Simenti itafute nyumba ingine," mama prezida akasema. Nilimkumbatia na oili yangu yote, akapiga kelele.

Na bibi-harusi? Wiki iliyofuata alikuja shuleni kujiandikisha kwa masomo ya jioni. "Nifundishe kile kilichonisimamisha mguu mmoja juu," akasema. Sasa anakaa mbele kabisa, na kila nikitoa telefone kuamsha mashini, kabla sijabonyeza ananiuliza: "Mwalimu, mstari wa kusubiri uko?"

Uko, dada. Siufuti tena.