Mwendo wa Kipalapala

Baba alipopandishwa cheo pale stesheni ya Tabora, alitoka kwenye kazi ya kutembea akaingia kwenye kazi ya kukaa. Zamani alizunguka yadi ya reli kutwa nzima akikagua mabehewa na kugombana na wapakizi. Sasa alipewa meza, kiti na muhuri. Nyumbani kwetu Chemchem tulifurahi sana, na Mama akaanza kumpikia kama mtu wa meza na kiti: wali wa samli, nyama karibu kila jioni, na asubuhi mkate mweupe kutoka duka la Mwarabu, pamoja na chai yenye sukari hadi midomo inanata. Uji wa uwele tuliachiwa sisi watoto, kisha nao ukasahaulika. Mlenda tuliuona chakula cha watu wa shamba.

Baba akanenepa, na watu wakamsifu. "Mkeo anakutunza," walimwambia barazani, na Mama akiwa uani aliyasikia akatabasamu. Hakuna aliyesema kwamba siku hizi akitoka kazini alisimama njiani kupumzika, akijifanya anafunga kamba za viatu.

Baada ya mavuno, bibi yetu mzaa baba alikuja kwa treni kutoka Urambo. Alikuwa mrefu, mwembamba, visigino vimepasuka kwa kulima. Alileta karanga na kikapu cha michembe, vile viazi vitamu vinavyokatwa na kuanikwa juani. Baba alimwamkia, "Shikamoo, Mama," akainama kuchukua kikapu, akainuka anatweta. Bibi aliitikia marahaba, akamtazama kidogo, kisha akakichukua kikapu na kujitwika mwenyewe.

Kwa siku kadhaa alikula wali wa Mama na kumshukuru. Kisha Jumapili moja asubuhi akamwambia Baba, "Nataka kumsalimia mdogo wangu kule Kipalapala. Unisindikize."

"Nitakutafutia lori, Mama."

"Lori la nini? Miguu ninayo."

Tukaenda watatu, maana mimi nililia hadi nikakubaliwa. Bibi alitangulia, mwendo wake wa kawaida tu. Alinisimulia kwamba babu yake alikuwa mpagazi, akienda pwani na kurudi na mzigo begani, na kwamba njiani walikula karanga, michembe na asali. Nilipogeuka nyuma, sikumwona Baba. Tulirudi tukamkuta ameketi kwenye jiwe kando ya njia, shati limelowa, mkono kifuani. Wanawake waliobeba kuni walipita wakamwamkia kwa adabu, naye akashindwa kuwaitikia.

Bibi akaketi chini karibu naye. Alingoja pumzi yake itulie.

"Unaumwa, mwanangu?"

"Siumwi. Nimechoka tu."

"Baba yako naye aliniambia amechoka tu." Bibi alikuwa akiitazama njia. "Alipopewa kazi barazani kwa mtemi, alinenepa hivi hivi. Watu wakamsifu. Nami nikamsifu. Siku moja akaanguka akitoka kuoga, basi."

"Mbona hukuniambia kamwe?"

"Ulikuwa unanyonya. Baadaye nikaona haina faida."

Nilimwona Baba akiutazama mkono wake uliokuwa kifuani, kama mkono wa mtu mwingine. Hatukufika Kipalapala siku ile. Tulirudi polepole, Bibi akimshika kiwiko.

Mama aliposikia, uso ulimbadilika. "Kumbe mimi ndiye ninayemuua?"

"Hapana, mwanangu," Bibi alisema. "Hata mimi wangu nilimpikia vizuri. Wewe umeambiwa mapema, mimi sikuambiwa."

Mama alilia kidogo, akajifuta kwa upindo wa khanga, kisha akauliza mlenda unapikwaje. Yeye alikuwa mtoto wa mjini, hakuwahi kufundishwa. Jioni ile walikaa jikoni wawili, Bibi akimwonyesha namna ya kuponda karanga na kuzitia kwenye majani ya kunde, Mama akionja na kuuliza tena. Nyama ikawa ya Jumapili. Baba alinuna. Siku moja alisukuma sahani akauliza kama yeye ni mgonjwa wa hospitali. Mama akamjibu bila kupandisha sauti, "Sitaki uwe," akaiacha sahani palepale mezani. Baadaye tuliikuta tupu.

Mvua zilipokaribia, Baba na Mama wakapata kipande cha ardhi ng'ambo ya reli. Baba akitoka ofisini alivua viatu, akachukua jembe, nasi sote tukamfuata. Mwanzoni alilima hatua chache akaegemea mpini. Jirani mmoja alimkuta hivyo, akauliza kwa huruma kama ameshushwa cheo.

"Hapana," Baba alisema. "Kinachoshuka ni tumbo."

Alicheka mwenyewe, na tangu siku hiyo hakununa tena. Masika yote tulikwenda. Tulipalilia, tulichuma uyoga porini, tulirudi na njaa ya kweli, na ugali wa uwele ukawa mtamu kuliko nilivyoukumbuka.

Kiangazi kilipoingia, Bibi alisema sasa angependa kurudi kwake, ila kwanza amwone mdogo wake. Safari hii Mama naye alikuja. Baba alipumzika njiani, lakini tulifika jua likiwa bado halijawa kali. Yule bibi mdogo alitukaribisha kwa kunde na asali, akamtania Baba kwamba shati limemzidi mwili.

Baba aliishi hadi akastaafu, akawaona wajukuu. Ila aliyelipenda shamba hasa ni Mama. Baba alipotaka kulipunguza ili wasichoke uzeeni, Mama alikataa katakata. Kila nilipowatembelea jioni na kuikuta nyumba imefungwa, nilijua wapi pa kuwafuata: ng'ambo ya reli, Mama mbele na jembe, Baba nyuma akimwambia apunguze mwendo.