Sinki Lililochaguliwa kwa Vidole

Mtaa mzima ulimwita Mzee Dakika. Kwa miaka thelathini na mitano alitengeneza saa katika kibanda kilichobanwa kati ya duka la vitambaa na kinyozi, na kila aliyempelekea saa iliyokufa aliambiwa, "Nipe dakika." Dakika yenyewe iliweza kuwa wiki mbili. Macho yalipoanza kufifia hakumwambia mtu. Ukungu ulianzia pembeni, ukasogea taratibu, mpaka siku moja akadondosha skrubu ndogo kuliko punje ya mchele. Alipapasa sakafu asubuhi nzima. Kisha akafunga kibanda, akatia ufunguo mfukoni, akaenda nyumbani.

Kilichombakia kilikuwa mwanga na kivuli. Nyumbani hakujua aiweke wapi mikono yake. Mkewe alikuwa mkunga, na alikuwa bado anaingia zamu hospitalini. Siku moja alirudi akamkuta mumewe amesimama jikoni, mikono majini mpaka kwenye viwiko, vyombo vyote vya asubuhi vimetakata. Hakumsifu wala hakumkataza. Alivuta kiti, akavua viatu, akasema, "Na sufuria ya uji imeungua chini, usiisahau." Tangu siku ile vyombo vikawa vyake.

Lilikuwapo jambo moja ambalo alilifungia moyoni kwa miezi mingi. Mikono yake ikiwa ndani ya maji ya vuguvugu, alikuwa anaona. Si jiko aliloliona. Aliona shati la buluu la baba yake likianikwa kwenye ua. Aliona gurudumu la shaba la saa ya ukutani likizunguka polepole, jino kwa jino. Aliona uso wa mkewe, enzi hizo msichana wa watu, siku alipoleta saa yake ya kazini yenye kioo kilichopasuka. Picha zilipanda kutoka chini ya povu, zikakaa kidogo, zikazama tena. Akiituliza mikono, zilikaa zaidi.

Adui yake alikuwa sinki. Lilikuwa sinki la bati, la kina kifupi, limegawanywa vyumba viwili, na kila chumba hakikutosha hata sufuria ya wali. Vikombe viligonga ule ukuta wa katikati vikapasuka, na kila kikombe kilipogonga, picha ilikatika kama redio iliyochomolewa kwenye umeme. Sufuria kubwa aliziegemeza ukingoni, maji yakamshukia miguuni.

Siku kilipopasuka kikombe cha nane, mkewe alimfunga kitambaa kidoleni, akasema kwa sauti anayoitumia kwa wagonjwa, "Mume wangu, labda tuipumzishe hii mikono."

Mzee Dakika alimweleza yote, shati la buluu, gurudumu la shaba, na kioo kilichopasuka. Bomba lilidondosha tone, likadondosha lingine.

"Na mimi nimo humo?" mkewe aliuliza.

"Umo. Umevaa gauni la njano, na umenikasirikia."

"Nilikuwa na haki. Ulisema dakika." Alikaza fundo la kitambaa. "Kesho sina zamu. Twende tukatafute sinki."

Dukani, muuzaji alikuwa mama mmoja mwenye sauti ya kukwaruza, ambaye hakushangaa mzee alipokunja mikono ya shati na kuanza kuinamia sinki moja baada ya jingine. La chuma aliligonga kwa ukucha, likalia. "Hili linapiga kelele hata kabla ya kazi," alisema. La pili, la unga wa mawe uliogandishwa, alilipapasa akaliacha, akasema lina ngozi ya kisigino. Kisha vidole vyake vikafika mahali pa baridi na pa laini, vikateleza, vikaendelea kuteleza bila kukutana na ukuta.

"Hilo ni la udongo uliochomwa," muuzaji alisema. "Wanayaita masinki ya shambani. Chumba kimoja tu, kina kirefu, na uso wake wa mbele haujifichi kabatini, unatokeza nje kama kifua. Lakini nakwambia ukweli, mzee wangu. Uzito wake si mchezo. Likijaa maji, ni kama mtu mzima amekaa juu ya kabati lako. Na kikombe kikianguka humu, kitakachoumia ni kikombe."

"Vyangu vinavunjwa na ukuta," alisema Mzee Dakika. "Sakafu ya sinki haijawahi kunikosea."

Akaegemea. Ukingo wa mbele ulimpokea tumboni, mgongo ukabaki umenyooka, mikono ikaning'inia ndani bila kutafuta pa kwenda. Alisimama hivyo mpaka wateja wakaanza kumzunguka.

"Unaona?" mkewe alimnong'oneza.

"Hapa hakuna maji."

"Basi?"

"Lakini nafasi ipo."

Wakalichukua hilo, pamoja na wavu wa mpira wa kutandika chini kwa ajili ya vikombe.

Kazi ya mbao alipewa shemeji yake, mdogo wa mkewe, seremala mwenye maneno mengi. Kazi ya maji alipewa fundi bomba, mwanamke wa makamo aliyefika na mkoba wake begani na kuingiza kichwa chini ya kabati kabla hajamaliza salamu. Alipotoka huko alikuwa na habari mbaya. Sinki jipya lilikuwa na kina kirefu kuliko la zamani, kwa hiyo tundu lake la kutolea maji lingekaa chini kuliko bomba la maji machafu la ukutani.

"Maji hayapandi mlima, baba," alisema. "Itabidi nitoboe ukuta, niteremshe bomba kiganja kizima."

Akatoboa. Vumbi lilikaa juu ya kila kitu kwa siku mbili, hata kwenye chai. Seremala aling'oa milango miwili ya kabati, akaikata fremu ya mbele ili kifua cha sinki kipate njia, akasimamisha nguzo nne nene na kuzifunga kwa mbao za kulalia. Alipanda juu yake, akaruka mara mbili. "Hapa hata shemeji mwenyewe akitaka kulala, alale."

Ilibaki kukata jiwe la kaunta. Seremala alichora mistari kwa vipimo vya ile karatasi iliyokuja na sinki, akachomeka msumeno wa umeme. Wakati huo Mzee Dakika alikuwa amekaa sakafuni kando ya sinki, juu ya blanketi, vidole vyake vikizunguka ukingo kama vilivyozoea kuzunguka mfuniko wa saa.

"Shemeji, subiri kidogo."

"Kuna nini tena?"

"Upande wa kulia ni mrefu kuliko wa kushoto. Na kifua kimebonyea katikati, kidogo sana."

"Karatasi inasema pande zote sawa."

"Karatasi haikuingia tanuruni."

Seremala aliguna. "Kwa heshima zote, shemeji, wewe huoni."

Mkewe aliacha kufagia.

"Ndiyo maana sikuisoma karatasi," alisema Mzee Dakika.

Fundi bomba alichukua tepu, akapima kulia, akapima kushoto, akarudia. Tofauti ilikuwa unene wa sarafu mbili. Jiwe lingekatwa kwa karatasi, sinki lisingeingia, na jiwe likishakatwa vibaya halishoneki. Seremala alichomoa msumeno wake. Hakuomba radhi kwa maneno. Kwa msaada wa fundi alilipindua sinki juu ya boksi lililokunjuliwa, akalizungushia penseli, kisha akaushika mkono wa shemeji yake na kuuweka kwenye mstari. "Haya, niambie nikate wapi." Mzee Dakika akaufuata mstari kwa ukucha, na mahali pawili akasema, "Ndani kidogo."

Kuliinua walihitajika watu wanne. Mkunga alichukua kona ya nne, akasema amezoea kupokea vizito kwa mikono miwili. Sinki liliingia likakaa, na hapakuwa na pengo la kupitisha hata kisu. Fundi bomba aliweka pimamaji juu yake, akaridhika. Mzee Dakika yeye aliomba kikombe cha maji, akayamimina pembeni, akainamisha sikio.

"Yanakwenda?" aliuliza fundi.

"Yanakwenda. Ila kona ya kushoto yanafikiri kwanza."

Fundi alicheka, lakini alichomeka kijibanzi chembamba chini ya kona ile. Wakamimina tena, na safari hii hayakufikiri. Akapaka gundi ya silikoni kuzunguka ukingo, akaonya lisiguswe mpaka kesho.

Kesho yake mchana, nyumba ikiwa tupu, alijaza maji ya vuguvugu, akatia vyombo, kisha akatia mikono. Hakikupanda kitu. Palikuwa na weupe tu, weupe mpana, na hakujua kama ulikuwa mwanga wa dirishani ukirudi kutoka kwenye sinki au ulikuwa ndani yake mwenyewe. Akatulia. Sufuria ya wali ilielea, ikazama polepole bila kugonga popote. Ndipo ukaja uso ambao hakuwahi kuuona maishani: mwanamke wa makamo, vumbi kwenye nyusi, anacheka, na meno ya mbele yana mwanya. Nyuma yake alisimama shemeji na penseli sikioni, mnene kuliko alivyomkumbuka. Hawakuwa watu wa zamani. Walikuwa wa juzi. Alibaki nao mpaka maji yakapoa.

Mkewe aliporudi kutoka kazini alikuta vyombo vimepangwa na mumewe amekaa kwenye kiti, mikono mapajani, imekunjamana kama ya mtoto aliyechelewa kutoka kuogeshwa.

"Yule fundi bomba," Mzee Dakika alimwuliza, "ana mwanya?"

"Hana. Kwa nini?"

"Kwangu anao."

Siku hizi, asubuhi nyingine, shemeji humpitia kumpeleka kwenye nyumba za watu, akapapase kingo kabla msumeno haujachomekwa. Seremala huwaambia wenye nyumba kwamba huyu ni mkaguzi. Mzee Dakika hapingi, ila hupenda arudi kabla ya mchana kwisha, kwa sababu vyombo vinamsubiri.